Mwenye Sauti Hakutajwa

Dola 420. Hayo ndiyo malipo aliyopata Marni Nixon kwa wiki sita za kazi katika filamu ya The King and I, iliyotoka mwaka 1956. Watazamaji walimwona Deborah Kerr akiigiza kama Anna, mwalimu Mwingereza aliyekwenda kufundisha watoto wa mfalme wa Siam. Kila Anna alipopaza sauti kuimba, ile sauti ya juu, safi, yenye lafudhi ya kiungwana ya Kiingereza, ilikuwa ya Nixon. Jina lake halikuonekana popote katika filamu. Watu wa studio walikuwa wamemwonya kwamba siri ikitoka, watahakikisha hapati tena kazi Hollywood. Filamu ikatoka, ikachukua tuzo tano za Oscar, Kerr akawania tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na nyimbo za filamu hiyo zikapigwa kwenye santuri katika majumba ya watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la mwimbaji.

Kwa miaka mingi Nixon amenishughulisha kuliko nyota wengi ambao picha zao zilibandikwa kwenye kuta za kumbi za sinema. Alikuwa na kile ambacho kila mwalimu wa muziki na kila mwongozaji wa jukwaa hukiomba kwa mwanafunzi wake: uwezo wa kuimba chochote, kwa namna yoyote, kwa niaba ya yeyote. Kipawa hicho kilimpa kazi maisha yake yote. Hicho hicho ndicho kilichowawezesha waajiri wake kumtumia bila kumtaja, kwa kuwa kazi yake ilihesabiwa imekamilika pale ambapo hakuna aliyehisi kwamba yupo.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1930 huko Altadena, California, na jina la ukoo lilikuwa McEathron. Alianza kupiga fidla akiwa na umri wa miaka minne, na akiwa bado mtoto alionekana katika filamu kadhaa kama mmoja wa watoto wa kujaza umati. Sauti ilipokomaa akaingia kwaya ya Roger Wagner, akasomea uimbaji wa opera, na akiwa msichana akafanya kazi ya utarishi katika studio za MGM. Aliweza kuitazama karatasi ya nota asiyowahi kuiona na kuiimba papo hapo bila kukosea. Katika studio ambako orkestra nzima hulipwa kwa saa, mtu wa namna hiyo ni mali. Ndiyo maana walianza kumwita mapema. Katika filamu ya Joan of Arc ya mwaka 1948, sauti za malaika anazozisikia Ingrid Bergman zilikuwa na yake ndani. Mwaka 1949 akamwimbia mtoto Margaret O'Brien katika The Secret Garden. Maua yanayoimba katika Alice in Wonderland ya Disney, mwaka 1951, yana sauti yake pia. Marilyn Monroe alipoimba kuhusu almasi katika Gentlemen Prefer Blondes mwaka 1953, Monroe aliimba mwenyewe, na alifanya vizuri, ila noti chache za juu kabisa ambazo koo lake halikuzifikia zilitoka kwa Nixon. Mtoto, malaika, ua, na kilele cha sauti ya mrembo aliyejulikana kuliko wote duniani: yote hayo kabla hajafika miaka 24.

Jinsi walivyofanya kazi na Kerr inastahili kusimuliwa kwa utaratibu, kwa sababu inaonyesha kazi hii ilivyo pale inapofanywa kwa heshima. Kerr hakutaka kuletewa sauti iliyopikwa mahali pengine kisha yeye afumbue mdomo tu. Walifanya mazoezi pamoja, wimbo kwa wimbo. Nixon alisimama kando yake na kumtazama: anavuta pumzi wapi, shingo inakaza wakati gani, taya linashuka kiasi gani kwenye irabu, anapoghadhibika Anna anauma maneno au anayalegeza. Kisha Kerr naye akamtazama Nixon akiimba, ili mbele ya kamera mwili wake ufanye kazi ya kweli ya mwimbaji, mishipa ionekane na kifua kipande. Siku ya kurekodi wakasimama wote wawili mbele ya vipaza sauti. Katika wimbo mmoja Kerr alisema maneno yale yaliyo karibu na mazungumzo, na pale muziki ulipopanda Nixon akapokea, tena katikati ya sentensi, bila mshono kusikika. Sauti mbili zikawa mwanamke mmoja mwenye lafudhi moja na hasira moja.

Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba Nixon alikuwa mwigizaji. Koo zuri California wanalo wengi. Alichokuwa anafanya ni kumjua mhusika kupitia mwili wa mtu mwingine, kisha kuimba kama mhusika huyo angeimba kama mwili huo ungekuwa na uwezo. Anna wake ni Mwingereza wa makamo aliyefiwa na mume. Maria wake, katika West Side Story, ni msichana wa Puerto Rico katika mitaa ya New York. Eliza wake, katika My Fair Lady, ni muuza maua wa London anayejifunza kusema kama mke wa lodi. Lafudhi tatu, umri tofauti, namna tatu za kupenda, na zote zimetoka katika kifua cha mwanamke mmoja wa California. Wanaosema kwamba waingiza sauti huigiza nusu hawajawahi kujaribu nusu hiyo.

Na aliyeivunja ile siri ya kwanza alikuwa Kerr mwenyewe. Alimweleza mwandishi wa habari waziwazi kwamba nyimbo zile aliimba Nixon. Nyota aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza alisema ukweli, na kuanzia hapo watu wa muziki Hollywood wakajua wampigie simu nani. Mwaka uliofuata, katika An Affair to Remember, Nixon akamwimbia Kerr tena.

West Side Story ilikuwa jambo jingine. Natalie Wood aliigiza kama Maria, alirekodi nyimbo zake mwenyewe, na filamu ilipigwa huku akifuatisha midomo kwenye sauti yake. Aliachwa aamini kwamba ndiyo itakayosikika. Upigaji ulipomalizika, watengenezaji wakaamua kuitupa karibu sauti yote ya Wood na kuweka ya Nixon. Hebu fikiria kazi iliyomkuta Nixon mbele ya skrini. Picha haibadiliki tena. Mdomo wa Wood umekwisha kufunguka na kufungwa. Penye kuchelewa amechelewa, penye kuharakisha ameharakisha. Mwimbaji anapaswa kuyafuata makosa ya mwenzake kwa usahihi mkamilifu, akiifanya kila pumzi iliyopotea mahali pake ionekane imekusudiwa, na bado mapenzi ya Maria yawe motomoto na noti za Leonard Bernstein, ambazo si rahisi hata kwa mwimbaji wa opera, ziwe mahali pake. Juu ya hayo, mwimbaji aliyemwakilisha Rita Moreno, aliyeigiza kama Anita, katika baadhi ya sehemu aliugua, kwa hiyo katika ule wimbo wa pande tano zinazoimba kwa pamoja usiku wa mapigano, Nixon akaimba sehemu ya Anita pia. Maria na Anita, wawili wanaosikika kwa wakati mmoja kila mmoja na lake moyoni, ni mtu yule yule.

Filamu hiyo ya mwaka 1961 ilichukua Oscar 10. Santuri yake ilikaa wiki 54 katika nafasi ya kwanza ya chati ya Billboard ya albamu za stereo, na ni albamu chache mno zilizowahi kukaribia rekodi hiyo. Nixon alikuwa ameomba sehemu ya mapato, kwa hoja nyepesi kueleweka: santuri haina sura, kinachouzwa ndani yake ni sauti. Studio na kampuni ya santuri zikakataa. Bernstein akasikia, akachukua kutoka katika mrabaha wake mwenyewe robo ya asilimia moja na kumpa. Ni kidogo, lakini kwa mauzo yale haikuwa fedha ya kupuuza. Hatua hiyo ilikuwa ya mtunzi binafsi na ilitoka mfukoni mwake. Hakuna mkataba uliomlazimisha wala kanuni iliyobadilika. Haki iliyopatikana kwa hisani ya mtu mmoja mwema haimsaidii mwimbaji atakayefuata.

Kisha ikaja My Fair Lady ya mwaka 1964, na hapa kila mtu aliumia. Julie Andrews ndiye aliyemfanya Eliza Doolittle apendwe katika jukwaa la Broadway, lakini studio ya Warner ilitaka jina kubwa la sinema na ikamchukua Audrey Hepburn. Hepburn alijifunza, alifanya mazoezi na walimu wa sauti, akarekodi, huku akiamini kwamba sehemu kubwa ya uimbaji wake itabaki. Haikubaki. Siku alipoambiwa aliondoka kazini kwa hasira, na kesho yake akarudi kuomba radhi kwa kuondoka kwake, jambo linaloeleza alikuwa mtu wa aina gani. Ukisikiliza leo ule wimbo ambao Eliza anamtishia Profesa Higgins kwamba siku yake inakuja, unausikia mpaka wenyewe. Mwanzo ni Hepburn: sauti nzito kidogo, yenye kwaruzo, ya mtu aliyekasirika kweli. Eliza anapoanza kuota kwamba atakuwa maarufu na mfalme atamwalika, muziki unalainika, na hapo anaingia Nixon, juu, laini kama hariri. Ndoto ikiisha, Hepburn anarudi na kwaruzo lake. Wataalamu wengi wameuona mpito huo kuwa kasoro. Mimi nauona kuwa ukweli uliojipenyeza katika filamu iliyojaa usiri: mwanamke maskini ana sauti yake, na ndoto yake ina sauti nyingine.

Filamu ilipata Oscar nane. Hepburn hakuteuliwa hata kuwania, na wengi waliamini ni kwa sababu kufikia wakati huo kila mtu alikuwa anajua kwamba hakuimba. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka ule ilikwenda kwa Julie Andrews kwa Mary Poppins. Humo nako Nixon yumo, akiimba kama bata bukini wa katuni.

Sasa, kwa nini siri? Jibu linalotolewa kila mara ni kwamba mtazamaji asiharibiwe ndoto, kwamba akijua Maria anaimbiwa hataamini tena mapenzi ya Maria. Sikubaliani na jibu hilo, na sihitaji nadharia kulikataa. Pwani yetu inalikataa kwa historia yake.

Filamu za Kihindi ziliingia Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam na kupendwa kuliko sinema za Hollywood. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilijaza kumbi, na watu wasiojua neno la Kihindi walitoka wakiimba. Waimbaji wa taarabu walichukua mahadhi ya filamu hizo na kuyatilia maneno ya Kiswahili. Na watu wale wale walijua fika kwamba Raj Kapoor haimbi, anaimba Mukesh, na kwamba Nargis haimbi, anaimba Lata Mangeshkar. Kujua huko hakukumzuia mtu kulia. Shabiki alikuwa na mapenzi mawili badala ya moja, sura ya huyu na koo la yule, na alinunua santuri kwa jina la mwimbaji.

Lata alizaliwa Septemba 1929, miezi mitano kabla ya Nixon, na mwanzoni naye alifichwa. Santuri ya wimbo wake mkuu katika Mahal, filamu ya mwaka 1949 ambamo Madhubala ndiye aliyeonekana, iliandikwa kwamba aliyeimba ni Kamini. Kamini ni mhusika wa hadithi. Kwa maneno mengine, kiumbe asiyekuwepo alipewa jina kwenye santuri na mwanamke aliyesimama mbele ya kipaza sauti akanyimwa. Wasikilizaji wa redio wakaandika barua kuuliza nani huyu anayeimba, wakaandika tena, mpaka jina likapatikana na kutangazwa. Lata mwenyewe hakungoja hisani. Tuzo za filamu za India, Filmfare, zilipokuwa hazina nafasi kwa waimbaji wa filamu, alikataa kuimba katika sherehe yao wimbo ambao mtunzi wake alikuwa amepewa tuzo, akisema kama mwimbaji hatambuliwi basi waupige kwa ala tupu. Baadaye kidogo, mwaka 1959, tuzo ya uimbaji ikaanzishwa, na wa kwanza kuipokea akawa yeye. Alipofariki mwaka 2022 bendera za India zilishushwa nusu mlingoti.

Wanawake wawili wa rika moja, kazi moja, na miji miwili ya sinema. Bombay ilijifunza kwamba jina la mwimbaji halipunguzi uzito wa sura ya mwigizaji. Hollywood ikashikilia siri, na mtu akitazama hesabu ataona siri ile ilikuwa inalinda nini. Mtu asiyejulikana hana pa kusimama anapodai bei. Hawezi kusema kwamba watu wamenunua santuri hii kwa ajili yake, kwa sababu kwa mujibu wa jalada la santuri yeye hayupo. Ndoto ya mtazamaji ilikuwa kisingizio. Kilicholindwa kilikuwa malipo. Na walioumia hawakuwa waimbaji peke yao. Wood alidanganywa, Hepburn alidanganywa, wakafanya kazi ya bure ya kurekodi nyimbo zilizotupwa, kisha wakaachwa wabebe lawama ya kutoimba.

Jina la Nixon hata hivyo lilijulikana. Jarida la Time lilimbandika jina la utani la mzimu, na mzimu akawa mashuhuri. Wengi waliandika habari zake hapo wakaishia hapo, na hilo linanisikitisha zaidi ya zile dola 420, kwa sababu kazi yake kubwa ilifanyika mwangani.

Katika miaka ile ile ya 1950 ambayo Hollywood ilimtumia kwa siri, Nixon alikuwa akirekodi nyimbo za Anton Webern pamoja na kondakta Robert Craft, kwa ajili ya mkusanyo wa kazi zote za mtunzi huyo. Nyimbo za Webern ni fupi, kavu, zinaruka kutoka chini kabisa ya sauti hadi juu kabisa bila kumpa mwimbaji ngazi, na wakati ule walikuwa wachache waliothubutu kuzigusa. Alifanya kazi na mtunzi Stravinsky. Alirekodi nyimbo za kabareti za Schoenberg na nyimbo ambazo Aaron Copland alizitunga kwa mashairi ya Emily Dickinson. Aliimba opera, akafundisha katika Taasisi ya Sanaa ya California, na huko Seattle akaendesha kipindi cha watoto cha televisheni kiitwacho Boomerang, akiimba na vikaragosi, kazi iliyompatia tuzo nne za Emmy. Mtu anayetoka kwa Webern na kwenda kwa watoto wa chekechea, na kote huko akawa na bidii ile ile, hana shida ya kutafuta hadhi. Anaipenda kazi.

Na jukwaani alisimama kwa uso wake. Mwaka 1964, mwaka ule ule ambao sauti yake ilitoka kinywani mwa Hepburn, aliigiza Eliza mwenyewe katika ukumbi wa City Center, New York. Mwaka 1965 mwongozaji Robert Wise, aliyekuwa mmoja wa waongozaji wawili wa West Side Story, akamweka mbele ya kamera katika The Sound of Music kama Sista Sophia, mmoja wa watawa wanaojadiliana kwa wimbo kuhusu tabia za Maria. Watu walihofia kitakachotokea akikutana na Julie Andrews, mwanamke aliyenyimwa Eliza. Andrews alimwendea, akampa mkono na kumwambia jinsi anavyopenda kazi yake. Ukitaka kuuona uso wa sauti ile, tafuta watawa hao. Anaonekana kwa muda mfupi, macho yakiwa na ucheshi, ndani ya vazi la utawa.

Aliendelea hadi uzeeni. Alikuwa na miaka zaidi ya 70 alipocheza Broadway katika Follies mwaka 2001 na Nine mwaka 2003. Katika Mulan ya mwaka 1998, nyanya ya Mulan anapoimba ni yeye. Anaposema ni June Foray. Mwaka 2007, akiwa na miaka 77, alirudi katika My Fair Lady pamoja na orkestra ya New York Philharmonic kama Bi Higgins, mama yake profesa. Bi Higgins haimbi hata wimbo mmoja. Mwanamke aliyeimba Eliza bila kuonekana alionekana sasa bila kuimba, na aliishika nafasi hiyo kwa ustadi wa maneno matupu. Alifariki New York tarehe 24 Julai 2016.

Tangu wakati wake kuna kilichobadilika, na mfano mmoja unatugusa kwa lugha yetu. Katika The Lion King ya mwaka 1994, filamu yenye Simba na Rafiki na wimbo wa Hakuna Matata, Simba mdogo anayesema si Simba mdogo anayeimba. Aliyeimba ni Jason Weaver, mvulana wakati ule, na jina lake limeandikwa. Weaver amesimulia mwenyewe kwamba aliahidiwa dola milioni mbili zilipwe mara moja na yaishe. Mama yake akakataa, akaomba dola 100,000 na sehemu ya mrabaha, na kwa miaka iliyopita mrabaha huo umevuka ile milioni mbili. Mama yule aliifahamu hoja ya Nixon: sauti huendelea kufanya kazi baada ya mwenye sauti kwenda nyumbani, basi malipo nayo yaendelee.

Nayaandika haya nikiwa na watu wa karibu zaidi akilini. Mwishoni mwa mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake kwa Kiswahili, ikapendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam mwaka 2013. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes iliendesha shindano la kuingiza sauti jijini humo, na washindi wakaenda Beijing kufanya kazi hiyo. Leo tamthilia za Kituruki, Kihindi, Kichina na Kifilipino zinazungumza Kiswahili kila jioni katika sebule za Tanzania na Kenya. Nyuma ya kila sura kuna kijana aliyejifungia kwenye chumba kidogo chenye kuta za sifongo, vipokea sauti masikioni, akiitafutia sentensi ndefu ya Kiswahili nafasi ndani ya mdomo uliofunguka kwa kufumba na kufumbua. Asubuhi ni sultani, mchana ni mjomba mlevi, jioni ni daktari. Watazamaji wanaizoea sauti yake kuliko ya ndugu zao.

Kabla yao tulikuwa na Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kwenye mikanda ya video, na jambo la kumshukuru Mungu ni kwamba jina lake tulilijua. Watu waliingia katika vibanda vya kukodisha mikanda wakauliza mkanda wa Lufufu bila kujali umetoka Hong Kong au India. Kenya kuna DJ Afro, anayesimulia filamu kwa namna hiyo hiyo, na mashabiki huenda kumtazama yeye kwanza, filamu baadaye. Mtu mmoja aliyebeba wahusika wote kwa sauti yake alijitaja mwenyewe ndani ya kazi yake, na hakuna aliyeona ndoto imeharibika. Cha kushangaza ni kwamba kazi ilipokuwa ya kisasa zaidi, yenye studio na mikataba na waigizaji wengi, majina yakapungua. Nimetazama tamthilia nyingi zilizoingizwa sauti kwa Kiswahili hadi mwisho, nikasoma majina ya waigizaji wa ng'ambo, wapambaji na wapiga picha, na mara nyingi sana sikuona hata jina moja la Mswahili aliyenifanya nielewe.

Wenye vituo na studio, wekeni majina hayo mwishoni mwa kila kipindi, kwa herufi zinazosomeka, na muyaache skrini kwa muda wa kutosha mtu ayasome. Andikeni katika mikataba kwamba kipindi kikirudiwa au kuuzwa nchi nyingine, aliyekipa sauti analipwa tena. Vijana mnaofanya kazi hiyo, ulizeni kuhusu mrabaha kabla ya kutia sahihi, hata kama mnaona aibu, hata kama mmeambiwa wengine wanasubiri mlangoni. Nasi tunaotazama tuna kazi nyepesi kuliko wote, ile iliyofanywa na wasikilizaji wa redio India mwaka ule wa Mahal: sauti ikikugusa, piga simu kituoni au waandikie, uulize ni ya nani.